Miaka Minne ya Kikapu na Baba Wanne Marehemu

Nimestaafu. Najua mtacheka, maana mstaafu huwa na mvi na kikohozi, na mimi nina miaka kumi na mitano na chunusi. Lakini miaka minne nimebeba vikapu langoni pa soko la Arusha, na shingo yangu ni shahidi: imezama mabegani kama ya kobe aliyeona wakwe. Asiyeamini kwamba nilikuwa mfanyakazi aje aibonyeze.

Nawaandikia ninyi wadogo mliobaki pale langoni. Kuna siku nilipita na sare yangu ya shule nikawaona mnagombania kikapu cha mama mmoja mpaka mkono wa kikapu ukabaki kwenu na mama akabaki na tako la kikapu. Niliona haya kwa niaba ya kazi. Basi nimekaa nyuma ya bweni na daftari la Jiografia, mwalimu wa zamu anadhani nachora Ziwa Viktoria, na ninawaandikia mambo ambayo mimi niliambiwa kwa makofi. Habari za mshahara sitazigusa, hazina hadithi. Za kupandishwa cheo pia sitazigusa. Pale kuna cheo kimoja tu, "wee boi", unaanza nacho na unaondoka nacho.

Nilizaliwa kambini, kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja chini ya Mlima Meru. Baba alikuwa manamba. Alikuja kwa mkataba kutoka Iramba, akapewa namba kwenye kipande cha bati, na msimamizi alimwita kwa namba ile hata siku tuliyomzika mama. Mkataba ulipokwisha baba akasema anakwenda kwao kuwaarifu ndugu zake kwamba mimi nipo duniani, kisha atarudi kunichukua. Mpaka leo sijui kama aliwaarifu. Msimamizi alisubiri wiki mbili, akaniambia chumba kile ni cha wenye namba, na mimi sina namba. Nikashuka mjini kwa miguu nikiwa na miaka kumi na sufuria moja.

Mlima ule una wenyewe. Mmeru ana migomba ya babu yake. Mwarusha ana ng'ombe na rika lake, watu waliotahiriwa naye ambao hata akiwa mwongo watamtoza ng'ombe wamle lakini hawatamkana. Mhindi ana duka, na kama hana duka ana binamu mwenye duka. Mtoto wa manamba ana nini? Ana sufuria.

Langoni nilimkuta Barnaba. Wakati huo alikuwa na miaka kama kumi na saba, nyayo zake pana kama makasia, na vijana wote walimtazama kabla ya kucheka ili wajue kama jambo linachekesha.

"Nani anakujua hapa mjini?" akaniuliza.

"Mimi mwenyewe najijua."

Wakamtazama. Hakucheka, basi na wao hawakucheka.

"Huna mtu," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama daktari anayekuambia una minyoo.

Kisha akanieleza utaratibu wa lango, ambao ninyi naona mmeanza kuuchezea. Mgeni haingii kwenye kazi mpaka mmoja wa wakubwa aseme, "Huyu yuko nyuma yangu." Mgeni akiiba hata nyanya, wote wawili wanaondoka langoni, aliyeiba na aliyesema. Hakuna kesi, hakuna rufaa. Barnaba alinitazama kichwa, shingo, mpaka sufuria. "Simama nyuma yangu," akasema. "Mimi nina nyumba nne Uzunguni zinazoniita kwa jina. Ukiiba nitafukuzwa. Kwa hiyo ukiiba nitakuua kwanza, halafu ndiyo nifukuzwe." Hiyo ndiyo barua yangu ya kuajiriwa.

Sasa vifaa. Kata ya kichwani itengenezwe kwa majani ya mgomba yaliyokauka, si kwa matambara. Matambara yanalowa jasho, yanateleza, na kikapu kinakwenda upande wake na wewe wako. Ukimbebea mtu tembea mbele yake, si nyuma. Aone visigino vyako. Mwenye mali asiyeona visigino anahesabu vitunguu kichwani njia nzima, na akifika nyumbani hata kama vyote vipo atakuwa amekuchoka.

Na habari ya kitunguu chenyewe niiseme, kwa kuwa nimestaafu na hakuna wa kunifukuza. Barnaba alitufundisha kuchukua kitunguu kimoja cha mteja mpya, kumwacha afike mlangoni kwake, kisha kumkimbilia tukihema: "Mama! Mama! Ulidondosha hiki!" Mama anakuita mtoto mwaminifu mbele ya majirani watatu. Wiki ijayo anakuja sokoni anauliza, "Yuko wapi yule wa kitunguu?" Umepata mtu. Ila onyo: usimfanyie mtu mmoja mara mbili. Mwenzetu mmoja alimrudishia memsahibu mmoja vitunguu Jumamosi tatu mfululizo, mpaka memsahibu akakipeleka kikapu kwa fundi kikazibwe tundu.

Kesi ngumu zilikuwepo. Kuku, kwa mfano. Msikubali kubeba kuku hai pamoja na mayai, hata mkibembelezwa kwa Kiingereza. Mimi nilikubali, na mbele ya mnara wa saa jogoo alifungua kamba, akasimama juu ya kichwa changu, akawika. Watu waliangalia jogoo, wakaangalia saa, na nasikia wako waliorekebisha saa zao. Mayai siyasemi.

Lakini kazi yenyewe, wadogo zangu, haikuwa vikapu. Shingo yoyote inabeba kikapu. Kazi ilikuwa kupata watu. Tuliwagawa watu katika mafungu mawili: wanaokujua ukiwepo, na wanaokutaja usipokuwepo. Wa kwanza ni wengi na hawana faida. Wa pili ukiwa naye mmoja unalala vizuri, na ukiwa nao watatu unaanza kutembea kwa madaha. Mtoto wa kambini hana ukoo wa kumtaja, basi lazima ajitengenezee ukoo kidogo kidogo, kama ndege anayejenga kwa nyuzi za kuokota. Hilo Barnaba alilijua vizuri kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kunifundisha. Alipokosea ni kwenye namna ya kujenga, na mimi nikakosea zaidi yake kwa sababu nilikuwa mwanafunzi hodari.

"Watu hawampi mtoto kazi," aliniambia. "Wanampa baba yake. Ukisema baba yako ni manamba na amekwenda zake, watashika mifuko yao. Ukisema amekufa, watakushika kichwa."

"Basi niseme alikufa vipi?"

"Inategemea unaongea na nani."

Wa kwanza alikuwa Mama Zuhura, mjane wa Kaloleni, mpika uji na vitumbua, mwenye nyumba yake ya vyumba viwili na sauti ya kujaza vyumba kumi. Kwake nilikuwa Ramadhani, mtoto wa marehemu mpishi mmoja wa Kondoa. Nilimchotea maji, alinipa uji, na mwezi mtukufu ulipofika akaniuliza kama nafunga. Ningejibu nini? Jina lenyewe Ramadhani. Kila magharibi nikafuturu kwake. Akajivunia mimi mpaka nikaona aibu kidogo, ila si sana, maana tambi zilikuwa nzuri.

Wa pili, Mwinjilisti Elifasi, Mlutheri mrefu mwenye koti moja, aliyefundisha shule ya misheni asubuhi. Kwake nilikuwa Yohana, mtoto wa marehemu mzee wa kanisa. Asubuhi nilisoma kwake, saa saba nikakimbilia sokoni. Alinifundisha kusoma, kuandika, na kukaa kimya, na mawili ya kwanza nimeyashika.

Wa tatu, Fundi Kartar Singh, Singasinga aliyekuwa akitengeneza milango na mabodi ya malori. Niliruhusiwa kulala kwenye karakana yake juu ya maranda ya mbao, na saa saba mchana, nikitoka shule kwenda sokoni, alinikatia chapati na dengu. Kwake nilikuwa Saidi, mtoto wa marehemu seremala wa Tanga. Alipenda sana habari za marehemu yule. Ilinibidi kila wiki nimtengenezee marehemu kabati jipya.

Wa nne, bibi mmoja wa Oldonyo Sambu aliyeitwa Nasieku, aliyeshuka kila Jumamosi na vibuyu vya samli. Nilimwita Koko, yaani bibi kwa lugha ya kwao. Kwake nilikuwa Loishiye, mtoto wa mtu wa kwao aliyeuawa na nyati, nikalelewa na wageni, ndiyo maana lugha ilinipotea. Akanihurumia, akaanza kunifundisha upya lugha ambayo sikuwahi kuijua.

Mnaona? Watu wanne, mitaa minne, hakuna anayemjua mwenzake. Niliona nimejenga nyumba ya nguzo nne. Barnaba mwenyewe aliniambia, "Mdogo wangu, wewe una watu kuliko mimi."

Nilipofika darasa la nne Mwinjilisti akaniombea nafasi ya darasa la tano kwenye shule ya kati, ya bweni. Barua ikarudi na jibu zuri: Yohana amekubaliwa, afike baada ya likizo. Sijawahi kufurahi hivyo. Nililala karakanani nikiwaza kitanda chenye miguu minne.

Likizo haijaisha, siku moja ya Jumanne, askari wa mji wakaja sokoni kukusanya vijana wasio na wenyewe. Mnaijua sheria, na wengi wenu mna mbinu zenu za kuruka ukuta wa upande wa wauza ndizi. Siku ile mimi nilikuwa na tenga la viazi kichwani, na huwezi kuruka ukuta na tenga la mtu. Huo ndio uaminifu pekee wa bure niliowahi kufanya, na uliniponza. Askari akaniuliza jina. Kwa mazoea tu, ulimi wangu ukatafuta jina jipya, na kwa kuwa siku yenyewe ilikuwa Jumanne, nikasema Jumanne. "Baba?" Nikasema Jumatatu. Akaandika.

Tukafungiwa kumi na mmoja kwenye uwanja wenye sengenge nyuma ya ofisi. Karani akatuambia lori linaondoka Alhamisi saa sita mchana kutupeleka makwetu. Asiyejua kwao atapelekwa alikotoka baba yake. Mwenye mtu wa kusema "huyu ni wangu" asemewe kabla ya hapo. Wenzangu, Iramba sijawahi kuiona hata kwenye ramani. Ningeshushwa huko na lori nimuulize nani? Ningesema naitafuta namba ya baba?

Barnaba akaja sengengeni, akaniona, hakupoteza muda kunicheka. Siku mbili alikimbia mji mzima na nyayo zake zile, Kaloleni, misheni, karakana, mpaka akapata lifti ya gari la kuni kwenda Oldonyo Sambu. Kila alikofika alisema neno moja: "Yule kijana wenu mchukuzi amekamatwa. Alhamisi asubuhi, ofisini." Na Alhamisi asubuhi wakaja. Wote wanne. Nawaambia nilipowaona wanapanda ngazi za baraza nilijisikia kama mtoto wa chifu. Kisha nikahesabu: watu wanne, majina manne.

Karani alikaa barazani kwenye meza, penseli nyekundu mkononi. Mimi nilikuwa hatua tano nyuma ya sengenge, nimechutama nyuma ya kijana mnene.

"Mnamtaka nani?" akauliza.

Mwinjilisti akatangulia, alizoea kutangulia. "Nimemfuata mwanafunzi wangu, Yohana."

Karani akashusha kidole kwenye orodha. "Yohana hayupo."

"Mimi nimekuja kwa Ramadhani," akasema Mama Zuhura.

"Hayupo."

"Saidi iko?" akauliza Fundi.

"Saidi haiko."

"Loishiye," akasema Koko Nasieku, akiweka kibuyu chini.

Karani akashusha pumzi. "Wazee wangu, hapa nina watoto kumi na mmoja na hamna hata mmoja wa kwenu. Nendeni salama. Huenda wenu wametoroka."

Wakatazamana, wakafurahi kidogo, wakaanza kugeuka. Mama Zuhura akajifunga kanga yake vizuri. Nje ya uwanja dereva alikuwa anatia maji kwenye lori. Na mimi nimechutama. Mtaniuliza kwa nini sikupiga kelele. Ningemwita nani, na kwa jina gani? Nikimwitikia mmoja, watatu wananisikia. Miaka minne nimeongea nao mmoja mmoja, kila mtu kwa baba yake, sijawahi kuwaza kama siku moja watasimama pamoja kwenye baraza moja. Barnaba alikuwa upande wa pili wa uwanja ananifanyia ishara kwa mikono yote miwili, na mdomo wake niliusoma vizuri sana: "Simama, mjinga!"

Nikasimama.

"Yule pale!" wakasema wote wanne, na kila mmoja akaita jina lake.

Nikasema, "Naam." Moja tu, kwa wote. Sikuwa na nguvu ya nyingine tatu.

Karani akaiweka penseli chini taratibu, kama mtu aliyekuwa anakula ugali mkavu akaletewa mchuzi. Akaniita barazani. Akamwuliza kila mmoja habari za baba yangu, na kila mmoja akasema anayoyajua, mpishi, mzee wa kanisa, seremala, mtu wa nyati. Wakawa wanasikilizana, na sauti zao zinapungua.

"Baba wanne," akasema karani, "na wote marehemu. Kijana, wewe ni msiba unaotembea."

Fundi alikuwa mtu mwema na alitaka kuniokoa. "Karani, baba sijui. Lakini hii kijana mimi najua. Muzuri sana. Kila siku saa saba nakula naye chapati. Hata siku moja hajakosa."

Mama Zuhura akageuza shingo polepole. "Kila siku, Fundi?"

"Kila siku, mama."

"Hata mwezi wa Ramadhani?"

"Aah!" akasema Fundi, uso umemchangamka. "Mwezi ile ndiyo alikula sana."

Hakuna aliyecheka. Hata Barnaba kule nje hakucheka, na alisikia.

"Jina lako nani?" akauliza karani. "La kweli. Lori lile halichukui la uongo."

Nikasema. Msengi. Baba yangu Kitundu, manamba, shamba la kahawa la chini ya mlima. Hajafa. Alikwenda zake. Nilisema haraka, kama mtu anayemeza kwinini, na nilipomaliza nikaona nimewaua watoto wanne kwa mara moja, na kila mmoja alikuwa na mtu wake pale.

"Haya," akasema karani. "Nani hapa anamjua Msengi?"

Hakuna aliyemjua. Hata mimi nilikuwa sijalisikia jina lile miaka minne.

Mwinjilisti akatoa barua ya shule mfukoni, akaitazama. "Nafasi hii ni ya Yohana," akasema, kwa huzuni zaidi kuliko hasira. "Nimemwombea mtu ambaye hayupo."

Karani akaeleza sheria. Koko anakaa nje ya mji, neno lake halitoshi. Mwinjilisti anakaa misheni, vivyo hivyo. Fundi anaweza kusema nina kazi, lakini sheria haimruhusu Mhindi kuwa mlezi wangu. Anayetakiwa ni mwenye nyumba mjini. Macho yote yakamwendea Mama Zuhura, yangu yakiwa ya mwisho.

"Unajua ulichonifanyia?" akaniambia. Sauti yake ile ya vyumba kumi ilikuwa ndogo. "Nimewatukana majirani kwa ajili yako. Nimewaambia Kaloleni nzima, tazameni mtoto wa watu, anabeba mizigo juani na amefunga, na ninyi mmelala kivulini mnalalamika kiu. Leo nitapita njia gani kurudi kwangu?"

Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni. Mimi huwa nao daima. Nikaumeza, na ulikuwa na miiba.

"Sina la kusema, mama."

"Hilo ndilo neno la kwanza la kweli umeniambia."

Koko Nasieku akakohoa. "Dada yangu," akasema kwa Kiswahili chake cha milimani, "mimi Loishiye wangu aliogopa ng'ombe. Nikashangaa, mtoto wa kwetu gani huyu? Lakini samli yangu ilifika. Siku zote ilifika."

"Saidi alirudisha misumari," akasema Fundi. "Mpaka ile iliyopinda."

"Yohana alifagia kanisa bila kutumwa," akasema Mwinjilisti.

Mama Zuhura akaitazama shingo yangu. "Ramadhani," akasema mwishowe, "nilipougua homa alinichotea maji siku saba na hakuja kuomba uji."

Wote wakainamisha vichwa.

"Jamani," akasema karani, "hapa si matangani. Namwandika lori au simwandiki?"

Mama Zuhura akageuka, akashuka ngazi. Moja, mbili, tatu. Karani akachukua penseli. Kwenye ngazi ya mwisho mama akasimama na mgongo wake umetuelekea.

"Ramadhani siwezi kumsemea, hayupo," akasema. "Na huyu simjui. Huyu ni mgeni."

"Mama, mgeni hadhaminiwi."

"Nani kasema namdhamini? Mgeni anakaribishwa. Andika amefikia kwangu."

Karani akafikiri. Akaangalia karatasi, akaangalia lori, akaandika. Mama akapanda tena ngazi, akatia dole gumba kwenye wino, akalikandamiza kama anaua mdudu. Mwinjilisti akaazima kalamu, akakata "Yohana" kwenye barua yake kwa mstari ulionyooka, akaandika "Msengi" juu yake, akapuliza wino. Alipokuwa anaondoka alinipa koti lake nilishike akifunga kamba ya kiatu, na mtu hampi tapeli koti lake la pekee.

"Utachota maji, utafagia, utakwenda shule," Mama Zuhura aliniambia njiani, anatembea mbele. "Sokoni basi. Kule ndiko ulikojifunza kuua baba." Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Hakukuwa na sherehe. Barnaba, ambaye siku hizi ni tandiboi wa lori la kwenda Moshi, alinishika bega akasema, "Ulikuwa na watu wanne, umebaki na nusu." Hesabu yake haikuwa mbaya.

"Shikamoo, mama," nikamwambia tulipofika mlangoni kwake, kwa kuwa mgeni huanza kwa salamu.

Hakuitikia.

Asubuhi nikamwamkia tena. Akanimiminia uji, akaweka kikombe, hakuitikia. Kesho yake hivyo hivyo. Ninyi mnajua uzito wa shikamoo isiyojibiwa. Inabaki hewani siku nzima, unaizunguka kama mbuzi anavyoizunguka kamba yake. Chakula alinipa, mkeka alinipa, shati la shule alilishona kwa mkono wake. Marahaba hakunipa. Likizo ikawa imebaki siku chache, na mimi nikawa nawaza: nitaondoka hivi hivi.

Majirani nao hawakulala. Asubuhi moja wamejaa kwa uji, mimi naingia na ndoo, mama mmoja ambaye zamani alitukanwa sana kwa ajili yangu akasema kwa sauti ya asali, "Zuhura, mwenzetu, hebu tupe habari. Yule mtoto wako mwenye kufunga juani hajambo?"

Wanawake wakainamia vikombe vyao. Mama Zuhura akakoroga uji uliokwisha kuiva zamani.

Nikatua ndoo. "Hakuwa anafunga, mama," nikasema. "Alikuwa anakula chapati kwa Fundi Singh, saa saba, na dengu. Tatu. Ijumaa nne. Halafu magharibi anakuja hapa analegeza macho kama anakufa kwa saumu. Mama Zuhura alidanganywa na mtu hodari, si mjinga yeyote. Mtu huyo ni mimi. Ukitaka kumtukana nipo, ila ngoja kwanza nimimine maji mtungini."

Wakacheka mpaka mmoja akamwaga uji kifuani. Walinicheka mimi, na bado wananicheka mpaka leo nikipita Kaloleni, wananiita Chapati. Yule wa sauti ya asali naye akacheka, angefanyaje.

Mama Zuhura hakucheka. Aliendelea kukoroga. Kisha, bila kugeuka, akasema:

"Marahaba, Msengi. Mtungi uko kule, usisimame kama nguzo."